Miaka minne ya kujaza risasi mwenyewe: nimeokoa hela au nimejidanganya?

#1 Shabaha Tupu

Wakuu, salaam. Jana nimefunga daftari la miaka minne ya kushindilia risasi zangu mwenyewe (yaani kutia fataki, baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kupigwa), na jibu nililopata limeninyima usingizi. Naliweka hapa mlichane.

Ili tusigombanie bei za kwenu na za kwangu, nimeipa risasi moja mpya ya .308 (kaliba ya bunduki yangu) ya dukani thamani ya 100. Yangu inakula hivi: kichwa (kile kinachoruka) 35, baruti 20, fataki (kilipuzi kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti) 8. Ganda jipya ni 40 ila nalitumia mara 10, kwa hiyo 4. Jumla 67. Kila moja inaniachia 33. Safi.

Presi (mashine ya mkono ya kukandamizia), kalibu (chuma cha kubania ganda lirudie umbo lake), mizani, kipimo cha urefu, mashine ya kusafishia maganda, vitabu na vikorokoro vyake vyote: 45,000.

Nimepiga risasi 2,000. Dukani zingenila 200,000. Mimi nimetoa 134,000, ukiongeza vifaa inakuwa 179,000. Nimeokoa 21,000, yaani risasi 210 za bure.

Uchungu unaanzia hapa. Kabla ya kununua presi nilikuwa napiga risasi 200 kwa mwaka. Ningebaki hivyo, miaka minne ingenitoka 80,000 tu. Sasa hivi zimenitoka 179,000. Kwa hiyo nasema wazi: kujaza mwenyewe hakuokoi hela. Nipingeni.

#2 Mzee wa Rivolva

Hahaha, karibu kwenye ugonjwa. Hukuokoa hela kijana, umenunua risasi nyingi zaidi.

#3 Ganda Tupu

Nimekaa siti ya mbele. Endeleeni.

#4 Kokotoa

Mleta uzi, hesabu yako ina shimo. Hayo maganda uliyanunua mapya, au yalikuja na risasi za dukani ulizopiga zamani?

#5 Shabaha Tupu

Ninayo 400. Mengi yalibaki kutokana na risasi za dukani, nilikuwa nayaweka kwenye ndoo hata kabla sijajua kazi yake.

#6 Kokotoa

Basi umejitoza mara mbili. Yale uliyalipia siku uliponunua risasi, hela ile ilishakwenda. Weka ganda sifuri. Kila risasi inakuwa 63, mara 2,000 ni 126,000, na vifaa 171,000. Umeokoa risasi 290, siyo 210. Sijaingiza bado kwamba presi ya chuma cha kumimina haifi, leo ukiiuza unarudisha sehemu nzuri ya hela yako. Umeiandika kama vile umeitupa mtoni.

#7 Binti Baruti

Kaka Kokotoa, hapo sikubaliani nawe. Ganda lina bei hata kama umeliokota chini. Angeweza kuyauza yale 400. Na yakichakaa atanunua mapya kwa 40 hiyo hiyo. Ukiweka sifuri leo, kesho utashangaa.

#8 Kokotoa

Kuyauza angeweza. Aliyauza?

#9 Binti Baruti

Na presi je, aliiuza?

#10 Ganda Tupu

😂😂 Hapo umepigwa mkuu.

#11 Mpita Njia

Samahani wakubwa, mimi mgeni. Nina 9mm. Ratili moja ya baruti inatoa risasi ngapi? Na je, ukijaza mwenyewe huvunji sheria?

#12 Fundi Kalibu

Sheria kwanza. Inategemea uko wapi. Kuna nchi unajaza ukitaka, kuna zinazotaka kibali na kukupangia kiasi cha baruti cha kuweka ndani, na kuna ambako ni kosa la jinai hata kama bunduki yenyewe ina leseni. Uliza kwa wanaotoa leseni kabla hujanunua hata fataki moja. Hiyo siyo ya kuulizia humu.

Kuhusu ratili: ina greni 7,000. Risasi ya 9mm ikila greni 5, unapata 1,400. Ya .308 inakula mara nane au tisa ya hapo, kwa hiyo ratili inatoa kama 300 hivi.

#13 Kokotoa

Fundi, hesabu! 7,000 gawanya kwa 44 ni 159.

#14 Fundi Kalibu

Kweli, 159. Nimeandika nikiwa na usingizi. Ndiyo maana sishindilii usiku.

#15 Mzee wa Rivolva

Na hapo ndipo penye jibu la Mpita Njia. Kwenye 9mm baruti ni ya kunusa, na viwanda vinazitoa kwa mamilioni, kwa hiyo za dukani ni rahisi. Utahangaika upate nafuu ndogo mno. Kwenye .22 ya kawaida usihangaike kabisa, kilipuzi chake kimepakwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, hakuna fataki ya kung'oa uweke nyingine. Sasa nenda kwenye kaliba za wakubwa, .470 Nitro Express, .416 Rigby. Mwenye bunduki hizo akijaza mwenyewe analipa gharama ya presi kabla hajamaliza maboksi machache. Kwenye bunduki za marisau ni vivyo hivyo, za geji 12 za mazoezi nafuu yake haionekani, ila za .410 na geji 28 inaonekana.

Mimi .38 Special yangu ina maganda ambayo nimeshasahau nimeyatumia mara ngapi. Msukumo wake mdogo, ganda halichoki. Na rivolva haitupi ganda majanini, unalitoa kwa mkono wako kama karanga. Nyie wenye bastola za kujijaza, theluthi ya maganda yenu inaokotwa na majirani.

#16 Shabaha Tupu

Mzee, yangu ni ya bolti, ganda nalitoa kwa mkono, situpi hata moja. Hoja yangu haiko kwenye kaliba. Hoja ni kwamba nafuu yenyewe ndiyo inakufanya upige zaidi.

#17 Mwalimu Mstaafu

Naingilia kidogo. Jambo hilo lina jina la mtu. Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliona kwamba mashine za mvuke zilipoboreshwa zikala makaa ya mawe kidogo kwa kazi ile ile, Uingereza haikuchoma makaa kidogo, ilichoma mengi zaidi, kwa sababu mvuke ulikuwa umekuwa rahisi na kila mtu akautaka. Ndugu yetu na presi yake ni Uingereza ndogo.

#18 Ganda Tupu

Uzi wa risasi umefika kwenye makaa ya mawe. Ukurasa wa kwanza tu.

#19 Binti Baruti

Mwalimu asante, hiyo nimeipenda. Lakini mbona hakuna anayehesabu alichopata? Kutoka risasi 200 kwa mwaka hadi 500, si anapiga vizuri zaidi? Mafunzo nayo yana bei. Asiseme amepoteza, aseme amelipia masomo.

#20 Shabaha Tupu

Dada, napiga vizuri zaidi, ndiyo. Wifi yako hajaona faida yake bado.

#21 Saa Sita

Wote mnaruka kitu kimoja, MUDA. Risasi 2,000 kwenye presi ya hatua moja. Safisha, paka mafuta, bana, pima urefu, kata shingo, weka fataki, pima baruti, kandamiza kichwa. Ukitoa 40 kwa saa kwa jumla, umetumia saa 50. Jilipe mshahara wa saa 50 halafu rudi hapa na 210 zako.

#22 Mzee wa Rivolva

Na saa za kutazama mpira unajilipa ngapi?

#23 Saa Sita

Mpira ni starehe mzee.

#24 Mzee wa Rivolva

Na mimi presi ni starehe yangu. Tumemaliza.

#25 Saa Sita

Hatujamaliza. Kama ni starehe basi acheni kusema mnaokoa hela. Chagueni moja.

#26 Risasi Nzito

Wakuu, mnahangaika na vichwa vya 35 wakati mnaweza kumimina wenyewe. Mimi nayeyusha risasi ili nipate risasi za kuweka kwenye risasi. (Kiswahili chetu hiki kina mambo.) Risasi, ile metali, inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Nilikuwa naokota vile vipande vya kubalansi tairi, vina antimoni kidogo ndani, vinatoa kichwa kigumu kizuri. Kwa bastola zenye mwendo mdogo kichwa kinakuwa karibu bure.

#27 Binti Baruti

"Nilikuwa"?

#28 Risasi Nzito

Dada una jicho. Ndiyo, nilikuwa. Siku hizi vipande vingi ni vya zinki au chuma. Cha chuma kinaelea unakitoa na kijiko. Zinki inayeyuka kwenye 419, na siku hiyo nilikuwa nimeacha moto upande huku naongea na simu. Kurudi, sufuria ina utando juu kama uji uliolala. Nikamimina kwenye kalibu ya vichwa, vichwa vikatoka na makunyanzi, nusu havijajaa. Kilo zaidi ya kumi, zote zimekufa. Na sufuria nimeitupa.

Ongezeni hiyo kwenye daftari.

#29 Fundi Kalibu

Na ongezeni damu. Mwenye kumimina ndani ya chumba kisichopitisha hewa, na mwenye kupepeta vumbi la mashine ya kusafishia maganda puani, anakula risasi kwa njia nyingine. Mabaki ya fataki nayo yana madini hayo hayo. Glavu, dirisha wazi, kunawa kabla ya kula, watoto mbali. Siku daktari akipima damu yako akakunja uso, hakuna risasi 210 zitakazokusaidia.

#30 Pwagu

Hamjasema gharama kubwa kuliko zote: kosa moja. Yangu niliyojaza mwenyewe, ya 9mm, ilitoa sauti kama kizibo cha chupa. *Pwa*. Hilo ndilo jina langu humu linakotoka. Baruti haikuwemo, fataki peke yake ilikisukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu. Mimi mjinga nikavuta nyuma sehemu ya juu ya bastola kuingiza nyingine, nikafyatua ya pili. Mtutu ukavimba pete pale kichwa kilipokuwa kimekaa, unaisikia kwa kidole kama mfupa. Nina vidole vyote kumi, namshukuru Mungu. Mtutu mpya umekula nafuu yote ya miaka miwili. Kiwanda nilipowauliza kuhusu dhamana waliuliza swali moja tu: risasi ilikuwa ya nani?

#31 Mzee wa Rivolva

Pole sana kijana. Sauti ikiwa ya ajabu, unasimama, unatoa kila kitu, unachungulia mtutu. Hata kama wenzako wote uwanjani wanakungoja.

#32 Binti Baruti

Pole Pwagu. Na kinyume chake ni kubaya zaidi, baruti mara mbili kwenye ganda moja. Mimi kwenye bastola natumia baruti yenye mwili mkubwa makusudi. Inakula nyingi kidogo, kwa hiyo kwa hesabu za Kokotoa mimi ni mfujaji. Lakini nikikosea nikatia mara mbili inafurika juu ya ganda, naiona. Zile za kunusa greni 3 au 4 zinatoa risasi nyingi kwa ratili, ila mara mbili yake inajificha ndani ya ganda kimya kabisa.

Halafu nachungulia maganda 50 kwa tochi kabla ya kuweka kichwa hata kimoja. Saa Sita anihesabie na dakika hizo.

#33 Saa Sita

Hizo sihesabu. Hizo ni halali.

#34 Mpita Njia

Sasa mnanitisha. Nianze au nisianze?

#35 Kokotoa

Unapiga ngapi kwa mwezi?

#36 Mpita Njia

Boksi moja. Mara nyingine halifiki.

#37 Kokotoa

Nunua dukani mdogo wangu. Okota maganda yako, weka kwenye ndoo, utatuambia baadaye.

#38 Fundi Kalibu

Lakini angalia unachookota. Ukichungulia ndani ya ganda ukaona tundu moja katikati, hilo linajazika kirahisi. Ukiona vitundu viwili pembeni, achana nalo, kuling'oa fataki ni mateso. La tundu moja ni la Boxer, Mwingereza. La matundu mawili ni la Berdan, Mmarekani. Wote wawili walisajili uvumbuzi wao mwaka 1866. Na kituko ni kwamba Wamarekani wameng'ang'ania la Mwingereza, na Ulaya kwa muda mrefu ikawa inatengeneza la Mmarekani.

Maganda ya chuma na ya aluminiamu ni ya kutupa. Ya kijeshi yana fataki iliyobanwa ukingoni, lazima uupanue ule ukingo kwanza, na kifaa chake kinauzwa peke yake. Naona Shabaha Tupu anaandika.

#39 Shabaha Tupu

Kifaa hicho ninacho. Kiko ndani ya 45,000. Pamoja na kifaa cha kung'olea ganda lililokwama kwenye kalibu, ambacho nilikinunua wiki ya pili tu.

#40 Ganda Tupu

Ulisahau mafuta?

#41 Shabaha Tupu

Nilipaka kidogo nikijifanya nabana matumizi. Ganda likaingia, halikutoka. Nikavuta mkono wa presi kwa nguvu zote, ukingo wa kitako ukakatika, ganda likabaki ndani kama jino. Meza nzima ilinyanyuka.

#42 Ganda Tupu

😂 Sote tumepita hapo. Asiyekwamisha ganda bado hajaanza.

#43 Mwenye Akiba

Uzi mzuri ila wote mnajibu swali ambalo siyo lenyewe. Mimi sijazi kwa ajili ya bei, najaza ili nisikose. Mwaka 2020 na 2021 kule Marekani rafu za madukani zilikauka, na ukizipata, bei yake ilikuwa ya kuruka. Aliyekuwa na baruti, vichwa na fataki kabatini aliendelea na mazoezi yake kama kawaida. Risasi ambayo haipo dukani bei yake ni ngapi? Ingizeni hiyo kwenye hesabu.

#44 Kokotoa

Mkuu, wakati ule ule fataki ndizo zilizokuwa adimu kuliko vyote. Wajazaji wengi walikaa na ratili za baruti na ndoo za maganda, wakabaki wanazitazama. Huna fataki huna kitu. Kwa hiyo kilichokuokoa ni akiba, siyo presi. Ungeweka akiba ya risasi za dukani ingekuwa hivyo hivyo.

#45 Mwenye Akiba

Akiba ya risasi za dukani ingenila mara moja na nusu ya hela. Umesema mwenyewe 63 kwa 100.

#46 Kokotoa

...Sawa. Hiyo nimekubali.

#47 Binti Baruti

Andikeni tarehe! Kokotoa amekubali kitu.

#48 Mlenga Mbali

Nimechelewa. Mleta uzi, hiyo 100 yako ni ya risasi ipi? Ya kawaida ya maboksi, au ile ya mashindano? Ukijaza vizuri, baruti imepimwa moja moja na kichwa kimekaa kwa urefu unaoupenda mtutu wako, unapata kitu kinacholingana na ya mashindano, ambayo dukani ni ghali kuliko ya kawaida kwa mbali. Linganisha na hiyo, nafuu yako inapanda. Unalinganisha mchele wa daraja la kwanza na chenga.

#49 Shabaha Tupu

Ni ya kawaida. Lakini mkuu, mimi nisingenunua ya mashindano kamwe. Siwezi kusema nimeokoa bei ya kitu ambacho nisingekinunua.

#50 Mlenga Mbali

Na hizo 1,200 za ziada za .308, ungezinunua?

#51 Shabaha Tupu

Nisingezinunua. Ndiyo hoja yangu ya namba 1.

#52 Mlenga Mbali

Basi tumerudi mlangoni 😄

Swali la pembeni. Mizani yako ni ya umeme? Yangu ilikuwa inacheza, mara greni 43.8, mara 44.1, baruti ile ile. Nikabadilisha betri, nikabadilisha meza, nikakaribia kununua nyingine. Kumbe feni. Nikizima feni inatulia. Kabla hujaongeza kwenye daftari, zima feni.

#53 Fundi Kalibu

Na simu iwe mbali na mizani.

Shabaha Tupu, nina swali nalo, na siyo la hela. Umesema ganda unalitumia mara 10. Una maganda 400 na umepiga 2,000. Hiyo ni mara 5 kwa kila moja. Hizo 5 zingine umezitoa wapi?

#54 Shabaha Tupu

Nimekadiria. Kitabu kinasema yanaweza kufika huko.

#55 Fundi Kalibu

Yanaweza. Kalibu yako umeifunga vipi? Umeizungusha hadi ikagusa chini kabisa, ukaongeza kidogo?

#56 Shabaha Tupu

Ndiyo, kama karatasi ya maelekezo ilivyosema.

#57 Fundi Kalibu

Basi huenda unasukuma bega la ganda (pale linapoanza kukonda kuelekea shingo) nyuma kupita kiasi kila unapolibana. Likiingia kwenye chemba (pale risasi inapokaa ndani ya bunduki) linakuwa na nafasi, ukifyatua linavutika kuijaza nafasi hiyo, na linapovutikia ni pale juu kidogo ya kitako. Kila mara panakonda. Chukua waya mwembamba, kunja ncha iwe ndoano ndogo, ingiza ndani ya ganda na ukwangue ukuta ukianzia chini kupanda juu. Ndoano ikinasa mfereji, ganda hilo ni la kuponda, usilijaze tena. Kwa nje utaona pete inayong'aa mahali hapo hapo. Likikatika ndani ya chemba ukiwa umeweka shavu kwenye kitako cha bunduki, moshi wake unarudi usoni.

#58 Shabaha Tupu

Nakwenda kuangalia.

#59 Saa Sita

Mwandikie muda aliotoka.

#60 Mwalimu Mstaafu

Wakati tunamngoja: kushindilia kule kwa zamani, baruti, tambara, gololi, mti wa kusukumia, hakukuwa na ganda la kuokota wala la kukonda. Babu zetu hawakuwa na daftari hili.

#61 Mzee wa Rivolva

Walikuwa na mvua lakini. Baruti ikilowa, mnyama anakutazama tu.

#62 Shabaha Tupu

Nimerudi. Nimepima 60 za kundi la kwanza. 23 zina mfereji, waya unanasa kabisa. Pete ya nje nilikuwa naiona siku zote nikidhani ni uchafu wa kalibu. Nimeziponda kwa nyundo zote 23. Kalibu nimeilegeza, nitapima bega upya kesho, na hizi 340 zilizobaki nazipitia usiku huu.

Kokotoa, ukiweka mara 5 badala ya 10, ganda ni 8, risasi ni 71. Ile 210 isomeke 130.

#63 Kokotoa

130 ni sahihi. Ila usipime usiku huu, umeshasikia ya Fundi na 300 zake.

#64 Ganda Tupu

Mkuu, zile 23 shaba yake usitupe. Inauzwa kwa kilo.